Msimu Ukigeuka, Badilisha Krimu Moja, Si Kabati Zima

Kila msimu unapogeuka, meza yetu ya malalamiko ya vipodozi hujaa. Joto likiingia tunaletewa krimu "iliyonitoa chunusi". Baridi na upepo mkavu vikianza, tunaletewa sabuni "iliyonibabua". Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki na yanafanyiwa kazi. Lakini mara nyingi tukifuatilia tunakuta bidhaa haina kosa. Mafuta mazito yaliyomfaa mtu wakati wa ukavu yamepakwa juu ya ngozi inayotiririka jasho, au mlalamikaji amebadilisha sabuni, losheni, krimu ya usiku na kinga ya jua ndani ya wiki moja, na sasa hajui kipi kimemdhuru. Na sisi hatuwezi kujua.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni dogo: badilisha kitu kimoja, kipe wiki mbili, ndipo uguse kingine. Kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, kwa siku kadhaa kabla ya kukipeleka usoni.

Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, na hewa iliyopashwa moto ndani ya nyumba huwa kavu zaidi. Maji ya tabaka la juu la ngozi hutoka upesi, ngozi ikapauka, ikakaza, visigino vikapasuka. Hapo zinahitajika kazi mbili. Ya kwanza ni kuvuta maji, nayo hufanywa na glisarini au urea ya asilimia 5 hadi 10. Ya pili ni kuyafungia yasitoke, na hiyo ndiyo kazi ya mafuta ya mgando. Mafuta hayo hayaleti maji, huyalinda tu yaliyopo. Ndiyo maana tunasisitiza yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika chache baada ya kuoga. Anayejifuta mpaka akakauka, akavaa, akajibu simu mbili, kisha ndipo akakumbuka kupaka, asije kulalamika kwamba mafuta yamechakachuliwa. Maji ya kuoga nayo yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Na sabuni ya kawaida ya mche huwa na pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) ya 9 hadi 10 wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5, hivyo wakati wa ukavu punguza povu: kwapa, sehemu za siri kwa nje na miguu vinatosha kupata sabuni kila siku. Mikono na mapaja hayajachafuka kiasi hicho.

Wakati wa joto, geuza mambo. Losheni nyepesi badala ya mafuta, nguo zinazopitisha hewa, na harara iachwe ipoe yenyewe. Usiisugue kwa dodoki.

Sasa kinga ya jua. Hapa naomba tusikilizane, maana nimechoka kidogo. Mawingu hayazuii mionzi ya urujuanimno kwa kiasi watu wanachodhani. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa yake. Baridi nayo haihusiani na mionzi hiyo kabisa. Kinachohusika ni kipimo cha nguvu ya mionzi (UV Index), na kikifika 3 na kuendelea Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Theluji huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayoiangukia. Na ngozi nyeusi? Ndiyo, huungua kwa shida zaidi. Hiyo si sawa na kutohitaji kinga. Madoa yanayobaki baada ya chunusi hukolea yakipigwa na jua, na wengi wanaokuja kutuuliza dawa ya madoa hawajawahi kupaka kinga hata siku moja.

SPF ni kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye kopo. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 takriban 98. Tofauti ni ndogo, na tofauti ya kweli hutokana na kiasi unachopaka. Kwa uso na shingo, toa mistari miwili, kila mmoja ukijaa urefu wa kidole kimoja, na urudie kila saa mbili ukiwa juani.

Tulipokea chupa moja iliyokaa ndani ya gari kipindi chote cha joto. Tulipoiminya yalitoka kwanza maji ya rangi ya njano, kisha donge kama jibini lililokatika. Mwenyewe alikuwa bado anaitumia. Tafadhali tazameni kile kichoro cha kopo lililofunguka kifuniko: kikiandikwa 12M, maana yake ni miezi 12 tangu ulipofungua, si tangu uliponunua.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi huja msimu wa jua kali unapokwisha, watu wanapotaka "kurudisha rangi". Hapo ndipo mkorogo unapopata wateja. Ndani yake tunategemea kukuta zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, na mtu akiiacha ghafla uso huweza kuwaka vibaya kuliko mwanzo. Aliyeizoea amwone daktari kabla ya kuacha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliacha mwanya wa kiwango kidogo cha zebaki katika vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuufunga mwanya huo, na mwaka 2025 ukawa ukomo wa kutengeneza na kuingiza au kutoa nchini vipodozi vilivyotiwa zebaki. Kwenye lebo haiandikwi "zebaki" waziwazi. Tafuta neno kalomeli (calomel), ambalo ni jina la aina ya zebaki, au jina lolote linaloanza na "mercur". Kopo lisilo na orodha ya viambato usilipake kabisa.

Utaratibu wa malalamiko, kwa kuwa huulizwa kila siku. Ukivimba uso au kupumua kwa shida, nenda hospitali kwanza, fomu itakusubiri. Vinginevyo acha kutumia bidhaa, piga picha ngozi ilivyo, na ulete kopo lenyewe, boksi lake na risiti kama ipo. Tunasoma namba ya bechi, yaani ya fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, tunachukua sampuli, tunaigawa sehemu tatu na kuzifunga kwa lakiri mbele ya mashahidi: moja huenda maabara, moja hubaki kwetu, moja hupewa mwenye mzigo, ambaye ana haki ya kuomba kipimo cha pili. Matokeo yakithibitisha kosa, bechi nzima huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mzigo, kibali huweza kusitishwa au kufutwa, na jalada huweza kufikishwa mahakamani. Onyo la maandishi hutolewa pale tu kosa linapokuwa la lebo na halina madhara kwa mtumiaji.

Yote hayo hutegemea namba ya bechi. Ukituletea krimu uliyoihamishia kwenye chupa ya maji, tutakupa pole na ushauri, lakini jalada hatutaweza kulifungua.