Je, wajua kwa nini Zanzibar ina rais wake lakini haina polisi wake?

Zanzibar ina rais, bendera, wimbo, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake yenyewe. Hata magari yake yana namba zinazoanza na herufi Z. Lakini trafiki atakayelisimamisha gari hilo pale Mwanakwerekwe na kudai leseni, ambayo nayo imetolewa na mamlaka ya Zanzibar, yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ya Jamhuri ya Muungano. Bosi wake wa juu kabisa ni Inspekta Jenerali wa Polisi, yaani IGP, anayeteuliwa na Rais wa Muungano. Na huenda kabla ya kuhamishiwa Unguja alikuwa Sumbawanga.

Ukimuuliza mwanasheria, atakufungulia Katiba ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, orodha ya mambo ya Muungano. Polisi ni namba 4, baada ya Katiba na Serikali, Mambo ya Nchi za Nje, na Ulinzi na Usalama. Sawa, lakini hapo amekuonyesha tu limeandikwa wapi. Kwa nini liliandikwa, hilo ni la Januari 1964.

Kabla ya hapo palikuwa na majeshi mawili ya polisi yasiyohusiana. Polisi wa Tanganyika waliundwa kwa tangazo la serikali la tarehe 25 Agosti 1919, Waingereza walipokuwa wamemng'oa Mjerumani na wanapanga utawala wao. Makao makuu yao ya kwanza yalikuwa Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamefungua ofisi za utawala wa kiraia kule wakati vita ikiendelea. Mkuu wao alikuwa Meja S. T. Davis. Kazi ya magereza nayo ilikuwa mikononi mwa polisi hao hao, hadi 1931 ilipotengwa ikawa idara inayojitegemea.

Zanzibar ilikuwa na polisi wa Sultani chini ya kamishna Mwingereza, na askari wengi wa vyeo vya chini hawakuwa wazaliwa wa visiwani. Walitoka bara: Tanganyika, Kenya, Nyasaland (leo Malawi). Mkoloni alipenda hivyo. Askari asiye na shamba wala shemeji mtaani hana upande wa kupendelea, na siasa za Zanzibar wakati ule zilikuwa za pande mbili kwelikweli. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68.

Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, serikali ikiwa ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Serikali hiyo ikawatazama askari wa bara kwa wasiwasi, kwamba mioyo yao iko na chama cha upinzani, Afro-Shirazi, na ikaanza kuwaachisha kazi. Kwa maoni yangu hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Askari aliyefukuzwa anaondoka na manung'uniko, na anaondoka pia akijua silaha zinawekwa wapi, lindo linabadilishwa saa ngapi na ukuta ni mfupi upande gani. Wengi wao hawakurudi makwao. Walibaki mjini, hawana kazi, na wanasikiliza.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 walengwa wakuu wa mapinduzi walikuwa makao makuu ya polisi Ziwani na kambi ya polisi Mtoni. Wavamizi wengi walikuja na mapanga, mikuki na marungu, bunduki wakiwa nazo chache mno. Shabaha yao ilikuwa maghala ya silaha. Ziwani ilipoangukia mikononi mwao, bunduki za serikali zikawa bunduki za mapinduzi, na hesabu ikageuka kabla hakujapambazuka. Kituo cha Malindi, karibu na bandari, kilihimili muda mrefu kidogo, lakini Sultani Jamshid alikuwa ameshapanda meli. Serikali ilidumu mwezi mmoja na siku mbili tangu uhuru.

Sheikh Abeid Amani Karume akawa rais wa nchi isiyo na polisi. Waliokuwepo walikuwa wametawanyika au kukamatwa, na silaha zilikuwa mikononi mwa vijana waliomtii John Okello, kiongozi wa uvamizi ule aliyejiita Field Marshal, kuliko walivyoitii serikali mpya. Mwalimu Nyerere akapeleka askari polisi wapatao 300 kutoka Tanganyika kwenda kusaidia kutuliza hali. Kitu ambacho husahaulika ni kwamba askari hao walikuwa tegemeo la Dar es Salaam yenyewe. Siku chache baada ya wao kuvuka bahari, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa kambi ya Colito, leo Lugalo, waliasi. Jiji lilibaki na polisi wachache, maduka yakaporwa, na Nyerere akalazimika kufanya jambo lililomuuma: kuwaomba Waingereza, aliokuwa amewaaga miaka miwili tu nyuma, walete wanajeshi wao. Walitua tarehe 25 Januari na kuyazima maasi.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Aprili 1964, Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano zenye mambo 11, polisi likiwa mojawapo. Hati hazielezi sababu ya kila jambo, kwa hiyo hapa nasoma matukio tu: mmoja alikuwa ameona serikali ikianguka kwa sababu ghala la silaha la polisi lilitekwa, mwingine alikuwa ameona mji mkuu wake ukibaki wazi kwa sababu polisi wake walikuwa ng'ambo ya bahari. Wote wawili walihitaji jeshi moja linaloweza kuhamishwa upande wowote bila kuomba ruhusa ya nchi nyingine. Mwaka huohuo Elangwa Shaidi akawa IGP wa kwanza Mwafrika.

Orodha ile ya mambo 11 leo ina mambo 22. Ajabu ni kwamba Magereza hayamo, si wakati ule wala sasa. Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo, maana wizara ileile ina sura mbili kutegemea umesimama upande gani wa bahari. Bara, Waziri wa Mambo ya Ndani ana Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uokoaji, na masuala ya wakimbizi. Akivuka kwenda Unguja anabaki na Polisi na Uhamiaji, lakini wafungwa na moto si vyake tena.

Mfuate mtu aliyekamatwa kwa wizi Darajani uone. Anayemtia pingu ni askari wa Muungano. Akipelekwa Kituo cha Malindi, jalada lake linafunguliwa na jeshi la Muungano. Lakini kosa analoshitakiwa nalo liko katika sheria ya adhabu ya Zanzibar, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, kesi inasikilizwa na mahakama ya Zanzibar, na akifungwa anapelekwa Chuo cha Mafunzo, kama magereza yanavyoitwa Zanzibar, kule Kilimani, ambako askari wanaomlinda ni wa Serikali ya Mapinduzi. Akikata rufaa hadi ngazi ya mwisho, anarudi kwenye Muungano, kwa kuwa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979, ni ya pande zote mbili. Mtu mmoja, kosa moja, na amevuka mpaka wa mamlaka mara mbili bila kutoka mjini.

Chuo cha Mafunzo ni moja ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), pamoja na Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Zimamoto, Valantia na KMKM. Hao wa mwisho, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, walianza kwa kupambana na karafuu zilizokuwa zikivushwa usiku kwa majahazi kutoka Pemba kwenda Kenya. Kwa hiyo Zanzibar kukosa polisi haimaanishi kukosa askari. Mgeni anayeona sare nyingi tofauti wakati wa uchaguzi huchanganyikiwa, na wenyeji wenyewe si wote wanaoweza kukwambia nani anamtii nani.

Mpangilio huu una uwazi wake na una ukakasi wake. Uwazi: Mzanzibari anaweza kuiongoza wizara yote. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katikati ya miaka ya 1970, akajiuzulu baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola wakati wa msako wa mauaji Mwanza na Shinyanga. Yeye binafsi hakumgusa mtu, lakini alisema wizara ni yake. Badala ya kuzikwa kisiasa, akawa Rais wa Zanzibar 1984 na wa Muungano 1985. Baadaye wakaja Shamsi Vuai Nahodha, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na Hamad Masauni. Mawaziri hao walisimamia gereza la Karanga kule Moshi huku lile la Kilimani, nyumbani kwao, likiwa si lao.

Ukakasi ulionekana Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF na watu zaidi ya 20 kuuawa, wengi wao Pemba. Wengine walikimbilia Shimoni, Kenya. Swali la nani awajibike likagonga ukuta wa Katiba: Baraza la Wawakilishi linaweza kulalamika siku nzima, lakini Waziri wa Mambo ya Ndani hakai humo. Anajibu maswali Bungeni, Dodoma. Kamishna wa Polisi Zanzibar yupo, na ofisi yake iko Ziwani palepale, lakini amri zake anazipokea kwa IGP.