Kutafuta kipeo kwanza, baki baadaye: dhana inayogandisha seva

Nimechoka kuletewa programu "iliyoganda" na kukuta ndani yake mstari uleule: `b ** e % m`, yaani b kwa kipeo cha e, kisha baki ukigawa kwa m. Mwenye nayo ukimuuliza, hoja ni ileile pia: Python haina kikomo cha namba kamili, basi iachie kazi.

Ni kweli haina kikomo, ndiyo maana itaendelea kuikuza namba mpaka memori iishe. Chukua 3 kwa kipeo cha trilioni moja: jibu linahitaji karibu gigabaiti 200 kabla hujaifikia hiyo `%`. Kipeo cha siri cha RSA (mfumo wa kuficha ujumbe kwa namba kubwa) chenye biti 2048 ndiyo usiseme. Hata ukiandika biti moja kwenye kila atomu ya ulimwengu unaoonekana, atomu zitaisha hujaanza.

Baki huchukuliwa njiani, kila unapozidisha. Tafuta 7 kwa kipeo cha 13, moduli 11 (yaani baki ukigawa kwa 11). Mraba wa 7 ni 49, baki 5. Mraba wa 5 ni 25, baki 3. Mraba wa 3 ni 9. Sasa tayari unayo mabaki ya 7 kwa kipeo cha 2, 4 na 8. Kwa kuwa 13 ni 8+4+1, zidisha 9 kwa 3 upate 27, baki 5. Kisha 5 kwa 7 upate 35, baki 2. Umemaliza, na namba kubwa kuliko zote uliyoishika ni 49, wakati 7 kwa kipeo cha 13 inapita bilioni 96. Kwa kipeo cha biti 2048, kazi yote ni miraba kama 2047 na kuzidisha kwingine kama nusu ya hapo. Andika `pow(b, e, m)` ulale.

Wa Java ndio wananitoa jasho zaidi. `BigInteger.pow` inapokea `int` tu, kwa hiyo mtu anabandika `e.intValue()` ili kompaila inyamaze. Biti 32 za chini zinabaki, nyingine zinatupwa kimyakimya. Jibu likitoka, ni la uongo. `modPow`, inayochukua baki njiani, imo kwenye darasa hilohilo, jamani.

"Nimeweka lupu, nachukua baki kila hatua." Memori umeiokoa, muda hujauokoa: ukizidisha moja moja, hatua ni nyingi kama kipeo chenyewe.

"Kipeo nacho nakipunguza kwa m." Hapana. 2 kwa kipeo cha 5 ni 32. Ukigawa kwa 3, baki ni 2. Punguza 5 kwa moduli 3 upate 2, halafu 2 kwa kipeo cha 2 ni 4, baki 1. Kipeo hupunguzwa kwa fai ya m (idadi ya namba kuanzia 1 hadi m zisizo na kigawo cha pamoja na m zaidi ya 1), tena pale tu kizio, yaani b, na m havina kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

"JavaScript ina BigInt, itakuwa na `modPow` yake." Haina. Andika mwenyewe, ni mistari kumi hivi.

"Ikitoa jibu sahihi, inafaa kulinda funguo." Paul Kocher, mtaalamu wa kriptografia (elimu ya kuficha siri), alionyesha mwaka 1996 kwamba muda wa kukokotoa unaweza kufichua kipeo cha siri. Ndiyo maana GMP, maktaba ya namba kubwa, ina `mpz_powm_sec` ya kazi za siri kando ya `mpz_powm`, na nyaraka za lugha ya Go zinaonya waziwazi kuhusu muda wa `Exp` ya `math/big`. Funguo za wateja ziachie maktaba ya kriptografia inayotunzwa; `pow` ya Python ibaki kwenye mazoezi na mashindano.