Viungo vya jikoni dhidi ya bakteria: vinapofaa na vinapoishia

Nianze na kitunguu saumu, maana ndicho kinachoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Punje ikiwa nzima, nguvu yake bado imelala. Ndani mna kemikali iitwayo alini na kimeng'enya kiitwacho alinasi, kila kimoja kimejitenga. Ukiiponda punje vinakutana, na papo hapo hutokea alisini, ile yenye ukali unaochoma ulimi. Cavallito na Bailey ndio walioitenga na kuonyesha kwamba huua bakteria, mwaka 1944.

Kosa la kawaida ni kutumbukiza punje nzima kwenye maji yanayochemka. Joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, nawe hubaki na maji yenye harufu tu. Ponda kwanza kwa mchi, acha dakika 10, kisha changanya na chakula kilichokwisha kuepuliwa. Punje moja au mbili kwa siku zinamtosha mtu mzima. Zikizidi, tumbo huwaka. Alisini haidumu, kwa hiyo ponda unachotumia saa hiyo. Na tafadhali usifunge punje iliyopondwa kwa bandeji juu ya ngozi: huunguza hadi kutoa malengelenge.

Karafuu ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa kinywa. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ambayo hutoboa utando wa bakteria na kufisha ganzi neva. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kijazo cha muda. Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha: kisipotoa mafuta, imechakaa.

Kwa maji ya kusukutua, twanga karafuu 8 kidogo tu, tia katika mililita 250 za maji, funika na uchemshe kwa moto mdogo dakika 10. Mfuniko ni wa lazima, kwani yujenoli hupanda na mvuke. Chuja, ongeza nusu kijiko cha chai cha chumvi, yakipoa sukutua kwa sekunde 30 kisha tema. Yatumie siku hiyo hiyo. Mafuta ya karafuu ya chupa ni jambo jingine: yakiwa matupu huunguza fizi, na mtoto akiyanywa, hata kijiko kimoja au viwili vya chai, ini lake linaweza kuharibika vibaya. Jino likitulia, tundu bado lipo; nenda kwa daktari.

Mdalasini una sinamaldehidi, nayo ni kali kwa bakteria. Ila ule wa kasia, gamba nene gumu lililojikunja mara moja, una kumarini inayoweza kudhuru ini ukitumiwa kwa wingi kila siku. Anayeutumia mara kwa mara achague wa Ceylon, wenye maganda membamba mengi yaliyoviringwa pamoja.

Manjano yamesifiwa kupita kiasi. Kurkumini, kemikali yake inayosifiwa, ni takriban asilimia 3 tu ya unga, haiyeyuki vizuri majini, na utumbo huifyonza kwa shida.

Hapo ndipo pana mpaka wa viungo vyote hivi. Maabara huweka mafuta ya kiungo yaliyokolea moja kwa moja juu ya bakteria. Ukinywa chai, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Kwa hiyo homa ya matumbo, nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo vinahitaji vipimo na antibiotiki. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kula kitunguu saumu au tangawizi kwa wingi kabla ya kumweleza daktari wake, kwani vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Unga wa kiungo chochote usipakwe kwenye kidonda kibichi. Viungo vikavu mara nyingi hubeba spora (mbegu sugu) za bakteria Bacillus cereus, na hata kuchemsha hakuziui zote.

Hatari kubwa kuliko zote ni kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta na kuachwa mezani. Mafuta huzuia hewa, na hapo bakteria Clostridium botulinum hustawi na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini, na kikifika siku ya nne kimwage hata kama kinanukia vizuri.