Hati ya shamba hailipi rejesho: dhana potofu kuhusu mikopo Nyanda za Juu Kusini

Katika semina ya wakulima iliyofanyika Vwawa, mzee mmoja alinyoosha mkono kabla sijamaliza hata kujitambulisha. Alitoa ndani ya koti lake bahasha ya plastiki, akachomoa hati ya hakimiliki ya kimila iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani mbele yangu. “Mwanangu,” alisema, “karatasi hii ina miaka minane, na benki wameitazama mara tatu. Tatizo liko wapi?” Nilikuwa afisa mikopo jijini Mbeya kwa miaka kumi na moja kabla ya kuhamia kwenye utafiti na ufundishaji, na nakiri kwamba swali hilo limenichosha. Wanaouliza si wajinga. Waliowapa ahadi nyepesi walikuwa wasomi wenzangu.

Dhana aliyoishikilia mzee huyo, ambayo naisikia kuanzia Tunduma hadi Mafinga, ni kwamba mkulima mdogo hakopesheki kwa kukosa hati, na kwamba akiipata tu, benki itamfungulia mlango. Haikuzuka kijiweni. Mchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliieneza duniani kuanzia mwaka 2000 kwa hoja kwamba mali za maskini ni mtaji mfu kwa sababu hazina nyaraka, na mwaka 2004 Serikali yetu ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa mwelekeo huohuo. Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujaribu hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na katika Wilaya ya Iringa mipaka ya mashamba ilikuja kupimwa kwa simu za mkononi. Kazi hiyo naiheshimu, kwani mwenye hati hulala usingizi, na mjane hupata cha kuwaonyesha mashemeji wanaomnyemelea. Ninachokikataa ni ahadi ya mkopo iliyobandikwa juu yake.

Watafiti wameipima ahadi hiyo kwa makini. Pembezoni mwa Buenos Aires kulikuwa na familia zilizovamia ardhi mwaka 1981. Serikali ilipoamua kuitwaa ardhi hiyo kwa fidia, baadhi ya wamiliki wa awali waliikubali na wengine wakaenda mahakamani, hivyo wavamizi waliofanana kwa hali zote wakajikuta, hawa wana hati na majirani zao hawana, bila wao wenyewe kuchangia lolote katika mgawanyiko huo. Sebastian Galiani na Ernesto Schargrodsky waliwalinganisha, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wenye hati waliboresha zaidi nyumba zao na kuwasomesha zaidi watoto wao, lakini upande wa mikopo tofauti ilikuwa ndogo mno. Nchini Peru, nyumbani kwa de Soto mwenyewe, Erica Field na Maximo Torero waliona kwamba hati ilisaidia maombi kukubaliwa na benki ya umma iliyokopesha vifaa vya ujenzi, ilhali kwa wakopeshaji binafsi haikuongeza uwezekano wa mtu kukubaliwa.

Sababu yake anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mikopo. Faili linapofunguliwa, jambo la kwanza kuulizwa ni fedha ya rejesho itatoka wapi na lini. Dhamana huulizwa baadaye, kwa tahadhari ya siku mbaya. Na kwa shamba la kijijini, siku hiyo mbaya ikifika, dhamana haiuziki kirahisi, maana mnunuzi anatakiwa awe mwanakijiji au raia atakayehamia hapo, na halmashauri ya kijiji ina kauli yake. Niliwahi kusimamia mnada wa ekari tatu za kahawa. Dalali alikuwa na kipaza sauti, karani ameshika daftari, watu zaidi ya sitini wametuzunguka, na hakuna aliyetaja hata shilingi moja. Nani anunue shamba la shemeji yake, kisha wakutane msibani? Saa nane mchana mama mwenye shamba alituletea chai na viazi vitamu, akatukaribisha kwa heshima zote, tukala, tukarudi mjini na hati ileile. Deni lililobaki halikufika milioni mbili, na mafuta ya gari, dalali na matangazo vilikuwa vimeshakula fedha ambayo hatukuipata tena.

Kwa hiyo nilimwuliza yule mzee wa Vwawa: “Mzee wangu, shamba hili lilikuingizia kiasi gani msimu uliopita?” Akacheka. “Hesabu za kahawa nani anazikumbuka, mwanangu?” Nikamwuliza kama anazo stakabadhi za malipo kutoka AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika wa mazao. Alisema zipo nyumbani, za misimu saba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa mkewe hapendi kutupa karatasi yenye mhuri. Ilinibidi nijizuie nisipandishe sauti. Miaka minane ameibeba bahasha, na kopo ameliacha juu ya kabati! Stakabadhi zile zinaonyesha kilo, bei na mwezi ambao fedha huingia mkononi mwake, yaani mambo matatu ambayo afisa mikopo angeyatafuta kwa taabu na mwishowe angeyakisia, na kwa kawaida hukisia chini.

Jambo jingine ambalo hati haiwezi kulisema ni kama wewe hulipa. Ng’ambo ya mpaka wa Kasumulu, nchini Malawi, Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang walifanya jaribio kwa wakulima wa paprika waliokopa pembejeo: baadhi yao walichukuliwa alama za vidole wakati wa kuomba mkopo, wengine hawakuchukuliwa. Miongoni mwa wale waliotazamiwa kuwa wasumbufu zaidi, waliochukuliwa alama walirejesha vizuri zaidi kwa kiwango kikubwa, kwa sababu walifahamu kwamba msimu ujao hawataweza kurudi kwa jina jingine. Hakuna shamba lililowekwa rehani hapo. Kilichofanya kazi ni kumbukumbu. Nchini Kenya, wafugaji wa ng’ombe wa maziwa walipoelezwa kwamba tangi la maji wanalolikopa ndilo litakalokuwa dhamana, badala ya kutakiwa kudhamini mkopo wote kwa akiba na wadhamini, waliochukua mkopo waliongezeka kutoka chini ya watatu hadi zaidi ya arobaini katika kila mia, na matangi yaliyonyang’anywa yalikuwa ya kuhesabu. Wafugaji wa Rungwe wanapaswa kulisikia hilo kabla ya kuambiwa tena habari za hati.

Dhana ya pili naimaliza upesi: “Sijawahi kukopa popote, kwa hiyo mimi ni mteja safi.” Kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji wewe si safi, wewe huonekani. Mkopo mdogo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, uliolipwa kwa wakati una uzito kuliko usafi huo.

Ya tatu ni kwamba mkopo wa kilimo hutolewa wakati wa kulima tu, na ukitolewa baada ya mavuno umechelewa. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au wa mpunga wa Mbarali huuza mwezi ambao bei iko chini kabisa kwa sababu ada za shule na madeni ya mbolea vinamdai mwezi huohuo. Magharibi mwa Kenya, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifuatilia wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno. Hao waliweka mahindi ghalani, wakauza baadaye na mapato yao yakapanda. Zaidi ya hayo, mahali ambapo wengi walikopa, mwachano wa bei kati ya mavuno na njaa ulipungua, hivyo hata wasiokopa huenda walinufaika. Kwetu sheria ya stakabadhi za ghala, yaani karatasi zinazothibitisha mazao ya mtu yaliyohifadhiwa ghalani, ipo tangu mwaka 2005, na kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo huo. Gunia lililo ghalani, tofauti na lile shamba la mnadani, lina mnunuzi.

Dhana ya nne inanikera karibu sawa na ya kwanza: kwamba “asilimia 3 tu kwa mwezi” ni riba ndogo. Inategemea inakokotolewa juu ya nini. Ukikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na riba ikatozwa kila mwezi juu ya kiasi cha awali, utalipa shilingi 136,000 kwa mwezi, na riba yote itakuwa shilingi 432,000. Ikitozwa juu ya salio linalopungua, rejesho ni takriban shilingi 120,600, na riba yote haifiki 250,000. Mkopo wa kwanza, ukiupima kwa kipimo cha wa pili, una riba ya zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili bado unatozwa kwa fedha uliyokwisha kuirudisha. Watu hulalamikia kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kunyonya, kisha husaini mkataba wa aina hii bila kuuliza jumla ya marejesho. Ulizeni jumla ya marejesho, pamoja na ada na bima, iandikwe kwenye karatasi kabla hamjashika kalamu.

Imebaki ile ya kwamba mkopo mdogo humtoa kila mtu kwenye umaskini. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za majaribio, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na hakuna hata moja iliyoona kipato cha kaya kikibadilika kwa kiasi kinacholingana na sifa zinazotangazwa. Ufuatiliaji wa baadaye mjini Hyderabad ulionyesha kwamba walionufaika kwa kudumu ni wale waliokuwa na biashara kabla mkopo haujafika. Ndiyo maana mama mwenye meza ya viazi pale Mwanjelwa, ambaye kila siku bidhaa humwishia kabla ya adhuhuri, namwambia akope. Na yule anayetaka mkopo kwanza, kisha atafikiria biashara gani afanye, namrudisha kwenye kikundi chake akaweke akiba kwa kununua hisa.