Kodi sio faida: mtiririko wa pesa kwenye nyumba ya kupangisha ni nini hasa

Mtu akitaka kuanza kupangisha nyumba, swali la kwanza huwa "kodi yake shingapi?" alafu anatoa rejesho la benki, kinachobaki anakiita faida. Hapo ndo wengi tunapotea. Mtiririko wa pesa ni kile kinachobaki mkononi baada ya KILA kitu kulipwa, sio baada ya benki tu, na kinahesabiwa kwa mwaka mzima maana mwezi mmoja unaweza kukudanganya.

Chukulia nyumba inaingiza 100 kwa mwezi (sarafu yoyote, ni mfano tu) na rejesho la mkopo ni 55. Haraka haraka unasema 45 zangu, kwa mwaka 540, safi kabisa. Sasa ngoja. Mwaka una miezi 12 ila mpangaji akihama nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu ushashuka kutoka 1,200 hadi 1,100. Weka 120 za matengenezo, 130 za bima na kodi ya serikali (Kiswahili nacho, mpangaji anakulipa kodi na wewe unalipa kodi, uwe makini unapoandika hesabu), na kama kuna mtu anakusimamia nyumba kwa asilimia 10 ya anachokusanya hiyo ni 110. Jumla 360, unabaki na 740. Toa marejesho ya mwaka, 660. Umebaki na 80. Kwa mwaka, sio kwa mwezi! Hita ya maji ikifa, hiyo 80 inaondoka nayo.

Na mfano huu bado nimeupendelea. Wazoefu wana kipimo chao cha haraka, kwamba karibu nusu ya kodi italiwa na gharama kabla hujagusa mkopo. Sio sheria, nyumba mpya inaweza kula pungufu na kuukuu ikala zaidi, lakini ukikiweka hapa nusu ya 1,200 ni 600, rejesho ni 660, tayari unadaiwa 60 na nyumba ina mpangaji mzuri tu anayelipa kwa wakati.

Gharama ambayo wageni hawaioni ni ile ya kubadilisha mpangaji. Amehama vizuri hamjagombana, unaingia ndani unakuta kitasa cha chumbani kinalegea, ukuta una matundu ya misumari kama chujio, silikoni ya bafuni imeota ukungu, fundi rangi anasema siku tatu anamaliza wiki mbili, na muda wote huo hata tangazo hujaweka maana picha zitatoka vibaya, ila benki wao hawajui habari za rangi, tarehe yao ikifika imefika. Ndo maana kuna wenye nyumba wanaomtoza mpangaji mtulivu chini kidogo ya bei ya soko ili asihame, na kwa maoni yangu wana akili kuliko anayekimbizana na nyongeza ya 5. Mwezi mmoja mtupu ni 100, nyongeza ya 5 inachukua miezi 20 kuurudisha.

Amana ya mpangaji usiihesabu kabisa, ni pesa yake umemshikia tu.

Kuna anayesema "lakini deni linapungua". Kweli, sehemu ya kila rejesho ni riba na sehemu inapunguza deni lenyewe, kwa hiyo hata ukibaki na 80 umiliki wako unakua taratibu (mwanzoni mwa mkopo wa muda mrefu sehemu kubwa ni riba, usishangae deni likionekana limeganda). Ila huo utajiri uko kwenye matofali, fundi bomba haupokei. Nyumba kupanda thamani ni hivyo hivyo, mpaka uuze au ukopee.

Kabla ya kununua muombe muuzaji risiti za matengenezo za miaka miwili mitatu na mikataba ya wapangaji. Waulize majirani nyumba hukaa tupu muda gani mtu akihama. Alafu chukua tochi, fungua kabati la chini ya sinki, papasa mbao za nyuma. Zikiwa zimevimba, ile 120 ya matengenezo ifute uandike nyingine.