Onyo jipya nalo huvunja: ninavyopanga toleo kuu la kichanganuzi cha msimbo

Kwenye maktaba ya kawaida ya programu, ni rahisi kujua lini namba ya kwanza ya toleo (2 katika 2.4.1), ile inayotangaza toleo kuu, ipande. Umefuta fankshoni au umebadilisha vigezo vyake, basi wanaoitegemea watakwama. Kichanganuzi cha msimbo, yaani programu inayosoma msimbo na kuonya juu ya makosa kwa kufuata kanuni zake, ni kigumu zaidi. Nikirekebisha kanuni iliyokuwa ikiacha makosa ya kweli yapite, sijafuta kitu. Lakini kesho yake mtu ambaye hakugusa hata mstari mmoja anakuta ukaguzi wake wa kiotomatiki umekataa kupita.

Niliwahi kutoa rekebisho la namna hiyo ndani ya toleo dogo, nikiamini nimewasaidia watu. Walichofanya wengi ni kuizima kanuni nzima, na ile faida niliyoikusudia ikapotea. Iliniuma. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanga lolote najiuliza: nani ataamka na maonyo ambayo jana hakuwa nayo?

ESLint, kichanganuzi cha JavaScript, wameliweka hili wazi katika sera yao. Rekebisho linalopunguza makosa yanayoripotiwa hupandisha namba ya mwisho. Linaloyaongeza hupandisha ya kati. Na orodha ya kanuni zinazopendekezwa ikibadilika kiasi cha kuweza kuleta makosa mapya, hiyo husubiri toleo kuu. RuboCop, ya lugha ya Ruby, iliyofikia 1.0 mwaka 2020, huingiza kanuni mpya zikiwa zimelala hadi mtumiaji aziwashe au toleo kuu lifike. PHPStan, wa lugha ya PHP, nao huyaweka mabadiliko ya toleo kuu lijalo ndani ya toleo la sasa, nyuma ya mpangilio ambao mwenye hamu anaweza kuuwasha mapema. Hii ya PHPStan ndiyo ninayoipenda: siku ya kutoa toleo inapofika, msimbo wake tayari umetumika kwenye miradi halisi.

Usanidi, yaani mipangilio ya kuchagua kanuni zitakazotumika, ni habari nyingine. ESLint walianza kujaribu mfumo wao mpya wa usanidi mwaka 2022 ndani ya toleo la 8, wakaufanya wa kawaida katika 9.0.0, Aprili 2024, huku wa zamani ukiweza bado kurudishwa. Hata kwa muda huo wote, programu-jalizi nyingi, yaani nyongeza zilizoandikwa na watu wengine, hazikuwa tayari. Waandishi wa programu-jalizi na wa kanuni binafsi huumia kuliko wote, hasa mti wa sintaksia, yaani muundo wa msimbo ambao kanuni huusoma, ukibadilika. PMD 7, toleo la kichanganuzi kingine lililotoka Machi 2024, ilibadilisha mti wa Java, na kanuni zilizoandikwa kwa XPath, lugha ya kutafuta sehemu za mti huo, zikahitaji kupitiwa upya. Waandishi kama hao ndio ninaowapelekea toleo la majaribio kwanza, kabla ya watumiaji wengine.

Kazi inayonila muda mwingi ni kulinganisha. Nachukua miradi mikubwa ya programu huria, naiendeshea toleo la zamani na jipya, kisha nasoma tofauti ya maonyo, moja baada ya jingine. Mypy na Ruff, vichanganuzi vya Python, wana mitambo inayofanya ulinganisho huu kwenye mabadiliko yanayopendekezwa, nami nimeiga. Idadi pekee hainitoshi, kwa sababu maonyo kumi yaliyoongezeka yanaweza kuwa makosa kumi ya kweli au kelele tupu. Kanuni ambayo siwezi kueleza onyo lake kwa sentensi moja katika mwongozo wa kuhama, naiondoa kwenye toleo hilo, hata kama mwenye kuichangia ameisubiri kwa muda mrefu. Namwandikia mwenyewe, nikimwonyesha mistari iliyonitia shaka.