Toleo la mwisho la katuni: nani huamua kwamba hadithi imekwisha?

Aliyekulia na majarida na magazeti yenye hadithi za mfululizo analijua neno linalokaa chini ya ukurasa: "Itaendelea". Toleo la mwisho ni lile ambalo neno hilo halimo. Kwenye riwaya hakuna anayesumbuka na jambo hili, maana kitabu hununuliwa kikiwa kizima na msomaji anaona kwa macho kurasa zilizobaki. Katuni ya mfululizo hutoka kidogokidogo, kila wiki au kila mwezi, pengine kwa miaka ishirini, na mara nyingi mtunzi mwenyewe hajui itaishia wapi.

Kuna mkanganyiko mdogo wa kuuondoa kwanza. Toleo ni nakala ya jarida ya wiki au mwezi fulani. Sehemu zilizotoka katika matoleo kadhaa zikikusanywa na kujalidiwa pamoja, tunapata juzuu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu mwisho wa katuni ileile, mmoja akikumbuka jarida lilivyofungwa, mwingine akikumbuka juzuu ya mwisho aliyoiona dukani, na wote wakawa sawa.

Katuni ikisemwa ni ya rika zote, maana yake mtoto wa miaka minane anaisoma peke yake bila kukutana na jambo lisilomfaa, na mzazi akiichukua haimchoshi. Hapo ndipo ugumu wa mwisho unapoanzia. Wasomaji wa katuni hizi hawakai. Wanakua, wanahama, nyuma yao wanakuja wengine ambao hawajui lolote lililotangulia. Bunilizi ya kisayansi nayo inazidisha ugumu, kwani yenye mashine ya kusafiri katika wakati haina kifo wala kwaheri isiyoweza kutenguliwa ukurasa unaofuata.

Mfano unaoeleza haya vizuri kuliko yote niijuayo ni Doraemon ya Japani, kazi ya Fujiko F. Fujio. Ni paka roboti kutoka karne ya 22, aliyeletwa nyuma na kilembwe cha Nobita, mtoto mvivu na mwoga, ili amsaidie asije akaharibikiwa na kuwaachia ukoo wake madeni. Hadithi ilianza katika matoleo ya Januari 1970, kwa mpigo katika majarida sita ya shirika la Shogakukan. Majarida hayo yalipangwa kwa umri: ya watoto wa chekechea na wadogo zaidi, kisha la darasa la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Mtunzi alikuwa anachora visa tofauti kwa kila kundi, mwezi baada ya mwezi.

Sasa fikiria mwaka wa shule wa Japani, unaoanza Aprili. Mtoto wa darasa la nne akimaliza Machi, anahamia jarida la darasa la tano, na huko Doraemon hayumo. Kwake katuni imekufa, ingawa mdogo wake wa darasa la pili bado anaisoma. Ndiyo sababu jarida la darasa la nne lilitoa kisa cha kuagana Machi 1971, na kingine Machi 1972. Cha kwanza kinasema wasafiri wa wakati wamefanya fujo hadi safari hizo zikapigwa marufuku, hivyo paka lazima arudi kwao. Hadithi yenyewe haikuwa imefika popote pa kuishia. Kilichokuwa kimeisha ni mwaka wa shule.

Cha tatu ndicho kinachokumbukwa hadi leo. Kilitoka Machi 1974 katika jarida la darasa la tatu. Doraemon anaondoka kesho yake asubuhi. Usiku Nobita anakutana barabarani na Gian, yule mbabe wa mtaa, wanaanza kupigana, na safari hii hamwiti rafiki yake. Anapigwa, anaanguka, anasimama tena, anang'ang'ania hadi Gian mwenyewe anachoka na kukubali yaishe. Alitaka tu paka aondoke bila wasiwasi. Picha za mwisho zinamwonyesha akiwa peke yake chumbani, akimwambia asiyekuwepo kwamba atazoea. Kwa kurasa chache za jarida la watoto ni kazi nzito, na sioni alipokosea hata kidogo.

Mwezi uliofuata watoto walewale walipanda darasa la nne, wakafungua jarida lao jipya, na Doraemon akarudi! Mtunzi alikuwa amekusudia kweli kumaliza, akashindwa kumwacha. Namna alivyomrudisha ni ya kijanja: Nobita ananywa kinywaji kinachogeuza kila analosema kuwa kinyume chake, kisha anasema kwa uchungu kwamba Doraemon hatarudi tena. Kilichotokea baada ya hapo msomaji anakiona mwenyewe.

Baada ya hapo hapakuwa na mwisho mwingine. Fujiko F. Fujio alifariki Septemba 1996, na juzuu 45 za mfululizo mkuu hazifungi hadithi. Pengo hilo likajazwa na uvumi. Wapo waliosema Nobita alikuwa mgonjwa hospitalini akiota yote yale. Wengine walieneza kisa ambacho betri ya paka inakufa; kuibadilisha kutamfutia kumbukumbu zote, kwa sababu masikio yaliyokuwa yanazihifadhi hayapo tena, na Nobita anasoma kwa bidii hadi anakuwa mwanasayansi wa kumwamsha. Mwaka 2005 shabiki mmoja alikichora kisa hicho kwa mtindo unaofanana mno na ule wa mtunzi, akauza zaidi ya nakala 10,000. Shogakukan ikalalamika, mchoraji akaomba radhi na kulipa sehemu ya mapato. Wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba ndilo toleo la mwisho lenyewe.

Uingereza ilikuwa na desturi nyingine, isiyo na huruma. Jarida la Eagle, lililoanza Aprili 1950 na kumpa umaarufu rubani wa anga za juu Dan Dare, lilikoma Aprili 1969 kwa kuunganishwa na jarida liitwalo Lion. Kwa miaka mingi majarida ya watoto ya huko yalikuwa yakifungwa hivyo: msomaji anatangaziwa habari njema, wiki inayofuata anakuta majina mawili kwenye jalada, na baada ya muda lile la pili linapungua hadi linatoweka. Mauzo ndiyo yaliyoamua. Marekani mwandishi hupata angalau nafasi kidogo, kwa kuwa maduka ya katuni huagiza nakala mapema kabla hazijachapwa. Oda zikishuka anajua, anabana visa vitano viwe viwili. Ukisoma katuni ambayo ghafla kila fumbo linateguka ndani ya kurasa ishirini, usishangae.

Kuna pia wanaoamua wenyewe. Valérian na Laureline, mawakala wa wakati na anga waliobuniwa na Wafaransa Pierre Christin na Jean-Claude Mézières, walianza katika jarida la Pilote mwaka 1967. Hadithi ya mapema, iliyotoka kama albamu (kitabu chenye kisa kizima cha katuni) mwaka 1970, ilisema maafa yangeigharikisha New York mwaka 1986. Mwaka huo ulipokaribia, watunzi walilazimika kurekebisha historia waliyoibuni, na dunia ya baadaye waliyotoka mashujaa wao ikafutika. Iliwachukua hadi albamu ya 2010 kufunga suala hilo. Na mwisho wenyewe? Mawakala wale wanageuka kuwa watoto, Paris ya siku zetu, chini ya uangalizi wa rafiki yao, mzee Albert. Albamu za kando zilitoka baadaye, nyingine kwa mikono ya wachoraji wengine, lakini uzi mkuu uliishia pale.

Kwa hiyo ukiambiwa katuni fulani imefikia toleo la mwisho, uliza kwanza ni nani aliyesema: mtunzi, mchapishaji, au mashabiki. Na kwa Doraemon, kwaheri ya 1974 inafunga juzuu ya sita na kurudi kwake kunafungua ya saba; ukimnunulia mtoto, mnunulie zote mbili siku moja.